Shimo la Mkumbushaji

Ofisi ya Kamati ya Ukarabati
Jumba la Maigizo
4 Februari

Kwa Mwalimu,

Kuhusu: Ukuta wa historia ya Jumba

Pole na kazi. Mimi ni katibu wa kamati inayosimamia ukarabati wa Jumba la Maigizo, ambalo wazee wa mjini bado wanaliita Ghala. Dada yako ndiye mlezi wa kamati, ila anwani yako sikupewa na yeye. Nimeipata kwa mstaafu mmoja wa chumba cha mavazi, na naomba uniwie radhi kwa kukuandikia bila kujuana.

Tunafungua Jumba mwezi wa Juni. Kwenye ukumbi wa kuingilia tunaandika historia yake ukutani, tangu lilipokuwa ghala la ngozi, likawa sinema, likafungwa, hadi lilipochukuliwa na kikundi cha maigizo. Sehemu ya katikati, yenye herufi kubwa kuliko zote, inahusu Kimya Kikuu. Imeandikwa hivi, chini ya jina la dada yako na tarehe ya jioni ile:

"Akiigiza mjane aliyepiga magoti mbele ya hakimu, mwigizaji wetu mkuu alinyamaza. Hakusema neno wala hakusogea. Ukumbi mzima ulinyamaza naye, kisha watu wakaanza kulia. Kimya kile alikibuni papo hapo, na hadi leo kinafundishwa kwa wanafunzi wa maigizo."

Nina ombi moja. Tuna picha ya mama mmoja aliyetoa kichwa na mabega nje ya shimo la jukwaani, ameshika kitambaa cheupe, anamchekea mtu asiyeonekana. Nilimwonyesha dada yako, akasema hamjui. Kwa sasa tumeandika chini yake "Mhudumu asiyefahamika". Nimeambiwa uliwahi kufanya kazi katika shimo hilo ukimsaidia dada yako, labda wewe utamtambua. Nakuletea nakala.

Shimo lenyewe tutalijaza zege ili jukwaa liwe sawa, maana vikundi vya dansi vimelalamika.

Wako katika ujenzi wa Jumba,
Katibu

*

11 Februari

Dada,

Nimeletewa picha ya mama na mtu nisiyemjua, ananiuliza kama namfahamu. Anasema wewe ulionyeshwa ukasema humjui. Nilisoma mstari huo nikiwa nasahihisha madaftari ya darasa la tatu, nikampa mtoto wa watu kosa kwa jibu lililokuwa sahihi.

Sina salamu za kukupa. Tangu mazishi ya mama hatujaandikiana, na nisingekuandikia leo kama ungejinyamazia. Umemkana mama, Dada. Mama mzazi, anacheka na meno yake yote, na yule asiyeonekana anayemchekea ni wewe. Nilikuwepo. Ulikuwa umevaa ndevu za bandia.

Katibu wako ni mstaarabu, lakini hajui anachokiandika. Ameandika "mhudumu". Ameandika kwamba mimi nilikuwa nakusaidia wewe, utafikiri nilikuwa nakushikia mkoba. Basi mweleze, kwa kuwa unajua, kwamba lile shimo lilikuwa la mizani ya kupimia ngozi. Kikundi kilipolichukua Ghala, mizani ikang'olewa, mama akaingia humo na kiti kifupi, andiko la mchezo mapajani, na balbu iliyofunikwa kwa kopo la maziwa ili mwanga usiwafikie watazamaji. Kazi yake ilikuwa kumnong'oneza mwigizaji neno la kwanza la sentensi, na siyo akishasahau. Kabla hajasahau. Mtu akilipokea neno kabla hajajua kwamba limempotea, hawezi kujua kwamba lilimpotea. Ndiyo maana nyinyi wote mle mlidhani mna kumbukumbu.

Mweleze na habari ya kitambaa. Mkumbushaji akitoka shimoni wakati mchezo unaendelea, kwa lolote lile, anakiweka kitambaa cheupe ukingoni, waigizaji wajue humo hamna mtu na kila mmoja ategemee kichwa chake. Mama hakukiweka hata mara moja. Alikohoa humo, alishikwa na homa humo, na mimi nilikua humo, nimelala juu ya miguu yake huku wewe ukicheza nyuma ya mapazia na kina shangazi wa mavazi. Kifua kilipomshinda akanipa kiti, balbu na kitambaa. Mimi ndiye niliyekiweka, mara moja tu, na wewe unaijua jioni yenyewe.

Sasa ngoja nikupe vidonge vyako. Kimya chako Kikuu ni shimo tupu. Jirani wa mama aliingia kwa mlango mdogo wa uani, akanivuta mguu, akasema mama anakata roho. Tulikuwa tumekubaliana wote watatu, wewe, mimi na jirani, kwamba hatakuja kuniita kwa jambo lolote isipokuwa hilo. Nikaweka kitambaa, nikakimbia. Wewe hukukiona, kwa sababu jukwaani hukuwahi kuangalia chini. Ulikuwa unatazama balkoni kama mtu anayengoja kupigwa picha. Neno likawa halikuja, ukabaki umepiga magoti mdomo wazi, na watu wakadhani ni sanaa.

Kutokuja kwako kwa mama jioni ile nilikusamehe zamani, kwa kuwa hukujua. Lakini hili la picha sikusamehe. Nataka mama aandikwe, kwa jina lake na kwa kazi yake. Nataka ukuta useme kwamba jioni ile shimo lilikuwa tupu na kwa nini. Na shimo lisijazwe zege, liachwe watu walione. Ukikataa nitakuja siku ya ufunguzi, nisimame kwenye ngazi ya kuingilia, niwasomee wageni wako historia nyingine. Sauti ninayo. Nanong'ona kwa kupenda tu.

Mdogo wako,
bado wa shimoni

*

20 Februari

Mdogo wangu,

Umenitolea uvivu, na mimi nakutolea. Miaka yote hii umekaa na watoto wa darasa la tatu, watu wasioweza kukujibu, na sasa umejisahau unamwandikia dada yako kana kwamba nimechelewa kengele.

Mimi nilikuwa na maneno yote kichwani. Yote, hata ya wenzangu. Ulikuwa unaninong'oneza, nami nilikuwa nakusikia kama mtu anavyomsikia mbu akiwa na usingizi wake. Mara nyingi nilitamani kukukanyaga. Kile kimya nilikitaka, nikakikaa, nikakimaliza nilipoona kimetosha, na mpaka leo hakuna aliyeweza kukiiga bila kuchekesha. Wewe wakati huo hukuwepo hata ndani ya jengo, kwa maneno yako mwenyewe. Sasa unataka sehemu yako ya kitu ambacho hukukiona wala hukukisikia. Kweli wewe hodari.

Shimo ni shimo. Linanuka ngozi kila mvua ikinyesha, panya wanazaliana humo, na kijana mmoja wa dansi ametumbukia mwezi uliopita hadi leo anachechemea. Mimi ni mlezi wa jumba, si mlezi wa mashimo. Kuhusu picha, imefifia, na wanawake wengi wa wakati ule walikuwa na sura ya namna hiyo. Sikuwa na miwani.

Na kwa kuwa umemtaja mama, acha nikwambie kinachonikaa kooni. Niliambiwa kifo cha mama nikiwa nimesimama na maua mikononi, rangi za uso zinanichuruzika, watu wananipongeza. Wewe ulikuwa umeshamfumba macho. Baada ya onyesho la tatu kulikuwa na mapumziko, na nyumba ya mama iko mtaa wa pili kutoka Ghala, unaijua njia. Ulishindwa kumtuma hata mtu mmoja? Ningefika. Ningefika na nguo zile zile za mjane, ningemshika mkono na mimi. Ulimtaka mama awe wako peke yako kama lilivyokuwa shimo. Ukampata. Sasa unataka na ukuta wangu.

Ukija siku ya ufunguzi utakuta walinzi mlangoni, na orodha ya walioalikwa.

Dada yako, upende usipende

*

1 Machi

Dada,

Nilituma mtu.

Jirani yule yule, mara tu nilipofika kwa mama, nilimwambia arudi Ghala akungoje mapumziko. Alifika mpaka mlango wa chumba chako. Ulikuwa umefungwa. Bawabu akamwambia bibi amesema asisumbuliwe, mwenye shida asubiri pazia la mwisho. Jirani ni mtu mzima, alisimama pale akaeleza kilichomleta, bawabu akainamisha kichwa akasema ameagizwa. Akarudi kwa mama analia.

Nilimchukia bawabu yule mpaka akafa. Sikwenda hata kwenye msiba wake, na mkewe alikuwa anatusukia nywele tukiwa wadogo. Nilijua wewe hukuambiwa, nikaona kosa ni la mtu aliyezidisha utii. Leo unaniuliza kwa nini sikutuma mtu, na unaniuliza kwa kujiamini, na mimi nakaa hapa najiuliza kama umesahau kwamba mlango ule ulikuwa na komeo kwa ndani tu. Bawabu asingeweza kuufunga hata angetaka.

Hebu nijibu hilo. Usinipeleke kwa panya na wacheza dansi. Kwa nini mlango ulifungwa?

Na miwani unayo tangu kidato cha pili, ulikuwa unaivua ukiona wavulana.

Mdogo wako

*

9 Machi

Wewe,

Mwigizaji anafunga mlango wakati wa mapumziko ili abaki na mtu anayemwigiza. Mama mwenyewe alitufundisha tusimsemeshe mwigizaji kabla ya onyesho la mwisho. Nimekujibu, tumemaliza.

Kamati imekaa. Ukuta unabaki kama ulivyoandikwa. Zege linamwagwa Jumatatu ya mwisho ya Aprili, na mafundi wameshaleta kokoto. Nimemwambia katibu asikuandikie tena, na wewe acha kumwandikia. Masikini amekonda, anadhani ameharibu familia ya watu.

Na usithubutu kwenda kumsumbua Bwana Harusi, yule mwigizaji mwenzangu wa zamani. Amezeeka, anachanganya michezo na maisha, ukimuuliza jambo anakupa mistari ya mchezo fulani huku anakuangalia machoni. Mwache mzee wa watu apumzike.

Dada yako

*

23 Machi

Dada,

Kumwendea Bwana Harusi sikuwa nimefikiria. Nisingemkumbuka hata kidogo kama usingenikataza. Asante.

Nilichukua ruhusa shuleni, nikapanda basi la asubuhi. Nilimkuta kibarazani kwa binti yake, amevaa koti la suti juu ya nguo za kulalia, anasoma gazeti. Hajachanganyikiwa. Alinitambua kwa salamu tu, kabla hajainua uso, na aliyenitambua hivyo ni mtu aliyecheza bwana harusi kwenye kila mchezo wa ujana wake huku nikimpa maneno ya posa.

"Wa shimoni," akasema. "Nilikuwa nangoja mmoja wenu aje. Nilidhani atakuwa yeye."

"Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu yeye ana mzigo. Wewe una hasira tu, na hasira unaweza ukakaa nayo nyumbani."

Nikamwambia sikuja kupimwa. Akacheka, akamwita binti yake alete chai. Akaniuliza watoto ninaowafundisha wanajua kusoma kwa sauti, nikamwambia wanapiga kelele tu. Kisha nikamuuliza nililolifuata: jioni ile dada alisahau maneno, ndiyo au siyo?

"Hakusahau. Mimi ndiye niliyekuwa hakimu, nilikuwa mbele yake, katikati yetu ni meza. Alikuja akapiga magoti mbele ya shimo kama tulivyofanya mazoezi. Ukipiga magoti pale, mwanangu, unatazama shimo utake usitake. Akaona kitambaa."

"Labda hakukielewa."

"Alikielewa. Sote tulikuwa tunajua mama yenu yuko kitandani, sote tulikuwa tunajua wewe hutoki humo kwa homa wala kwa moto. Nilipoona uso wake nikainama mezani, nikajifanya nasoma hukumu, nikamwambia kwa chini chini, binti, nashusha pazia. Akaniambia, na midomo haikucheza: ukishusha, sitakusamehe mpaka nife. Halafu ndiyo akanyamaza. Mimi nilikuwa najua ile ni nini, nikashindwa hata kusema maneno yangu ya hakimu. Mpaka aliponisaidia yeye."

"Alikusaidia?"

"Aliniambia neno langu la kwanza. Kama mngefanya nyinyi."

Nikamuuliza habari za mapumziko. Hapo hakutaka. Aliizungusha chai kwenye kikombe mpaka ikapoa, binti yake akatoka akatuangalia akarudi ndani. Nikakaa. Mimi najua kukaa.

"Alijifungia kwa ndani na yule dada wa poda," akasema. "Kabla hajafunga alitwambia sote, mtu asimwambie kitu. Akasema, sijaambiwa, kwa hiyo sijui. Alilirudia hilo kwa sauti, tulikuwa tunamsikia tukiwa kwenye korido. Jirani yenu alipokuja, bawabu alitutazama sisi. Na sisi tukatazama chini. Tulimwogopa."

Kwa hiyo ulijua, Dada. Ulijua ukiwa umepiga magoti, ulijua ukiwa umekaa mbele ya kioo unapakwa poda, ulijua ukiwa umesimama na maua mikononi. Mtaa wa pili. Na mwezi uliopita ukachukua kalamu ukaniandikia kwamba ungefika na nguo za mjane, ungemshika mkono.

Miaka yote hii nimekusamehe kitu ambacho hukukifanya. Hiki ulichokifanya sijaanza kukisamehe na sidhani nitaanza. Siku ya ufunguzi nakuja, walinzi wako na waje. Nitawaambia ukuta huo umeandikwa tarehe ya msiba.

Wa shimoni

*

2 Aprili

Mdogo wangu,

Ndiyo, nilikiona. Haya, umefurahi? Umekwenda mpaka kibarazani kwa mzee anayekaribia kufa ili usikie hivyo, basi sikia na kwangu. Nilikiona, nikajua, nikabaki.

Sikuombi radhi. Baba alipokufa wewe ulikuwa mdogo, ukapelekwa kwa jirani ukapewa peremende. Mimi niliachwa chumbani kumshika miguu, kwa kuwa nilikuwa mkubwa. Mama alishika kichwa, mimi miguu. Sitakueleza alivyokufa baba, ila nilipotoka mle ndani niliapa kwamba sitamwona mtu mwingine akifanya vile, hata awe nani. Wewe ulikuwa hujui unachokikimbilia jioni ile. Mimi nilikuwa najua. Pale jukwaani nilikuwa na watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, wananitazama, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anakufa. Nikabaki nao. Nikirudishwa pale leo nitabaki tena.

Lakini wewe unadhani nilipewa zawadi, na hapo ndipo unaponitia wazimu. Hivi unajua kilichofuata? Msimu mzima, na misimu iliyofuata, na kila mji tuliozunguka, watu walikata tiketi waje kuona kile kimya. Nilijaribu kukiacha, wakanung'unika, mwongozaji akaniita ofisini. Kwa hiyo kila jioni nilikwenda mbele ya shimo nikapiga magoti, nikatazama ukingo, mama akafa, watu wakapiga makofi. Kesho yake tena. Wewe ulimzika mama mara moja ukapata kazi ya ualimu. Aliyekaa shimoni baada yako alikuwa mzee mmoja mwenye heshima zake, kila nikipiga magoti alinitolea tabasamu kunitia moyo, na nilikuwa natamani kumpofua.

Unasema kimya ni chako. Kichukue. Njoo na gunia.

Sasa unajua kwa nini nataka zege. Sitaki kupita pale na wageni nikiwaonyesha taa mpya, halafu pawe na shimo. Na picha, unataka kujua? Nikisema ni mama yangu, swali la pili litakuwa alikufa lini. Jibu liko ukutani kwa herufi kubwa, chini ya jina langu. Kila mtu anayejua kusoma angepiga hesabu hiyo pale pale ukumbini. Ndiyo maana sikumjua. Nilipotoka ofisini kwa katibu nilikwenda nikakaa chooni mpaka wafanya usafi wakagonga mlango.

Jana nilirudi nikamwambia. Nilimwambia ni mama yetu, ni mkumbushaji wa kwanza wa Jumba, na tarehe aliyokufa. Aliandika, akaniuliza kama nina hakika. Kwa hiyo limeandikwa, na wewe usijisifu kwamba umenishinda. Nimechoka kumficha, basi.

Jambo moja. Usinizungushe, usinifanyie ualimu. Bwana Harusi hawezi kunijibu, na jirani alikwishazikwa. Ulikuwa naye mpaka mwisho. Tangu mazishi nimekuwa nikisubiri uniambie kwa hiari yako na hukuniambia, nami sikuthubutu kuuliza, kwa kuwa kuuliza kungekuwa kusema nilijua.

Aliniulizia?

Dada yako

*

17 Aprili

Dada,

Nilikuwa nimeamua nisikujibu. Niliona hiyo ndiyo adhabu inayokufaa, ukae unangoja neno. Barua yako ikalala mezani chini ya madaftari, na kila nilipoinua daftari niliiona. Nimebadili mawazo, na tafadhali usifikiri ni huruma. Ulichokiuliza ndicho kilichonifanya nikuchukie, kabla ya picha na kabla ya huu ukuta wenu, na sijawahi kumwambia mtu.

Nilifika natweta. Chumba kilinuka dawa ya kifua. Mama alikuwa macho, ameegemezwa mito, kichwa kizima kabisa. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamshika mkono, nikamwambia, mama, nimekuja. Nilitarajia afurahi. Akaniangalia zile nguo nyeusi za kazi na vumbi la shimoni magotini.

"Mchezo umeisha?" akaniuliza.

Nikamwambia bado.

"Mko onyesho gani?"

"La tatu."

Akautoa mkono wake kwenye wangu. Hakuwa na nguvu ya kuinua kijiko, lakini mkono aliutoa.

"Umemwachia nani dada yako?"

Nikamwambia nimeweka kitambaa. Akafumba macho kwa namna aliyokuwa akifumba tukivunja kitu. Akasema, "Rudi. Dada yako atasahau maneno."

Nikamwambia siendi. Akasema, rudi shimoni. Nikamwambia, mama, nimekuja kukaa na wewe, dada atajua la kufanya. Hapo ndipo nilipomtuma jirani, nikidhani labda ukija wewe atatulia. Mama hakusema tena. Akageukia ukutani. Kitanda chake unakijua, upande ule kilikuwa kimeshikana na ukuta, hapakuwa na nafasi ya mtu kupita akamwone uso. Nilimwita mama, mama, akawa anapumua tu bila kunijibu. Nilikaa nyuma ya mgongo wake mpaka pumzi ikaisha, na hakugeuka.

Kwa hiyo ndiyo, alikuulizia. Hakuulizia kitu kingine. Wewe uliyejifungia mlango ulikuwa mahali alipotaka uwe, unafanya alichotaka ufanye. Mimi niliyemkimbilia ndiye niliyemuudhi, na amekwenda akiwa amenikasirikia. Unaniandikia kwamba nilimtaka mama awe wangu peke yangu. Nilimtaka, kweli. Nilikuwa naye chumba kizima, hakuna mtu mwingine, na alikuwa wako.

Zege limwagwe. Siji kwenye ufunguzi. Na kwa kuwa najua utasoma barua hii mara nyingi na itakupa usingizi, nakuomba kitu kimoja tu, usije ukaniandikia kunishukuru.

Mdogo wako